Ofisi Mfukoni: Historia ya Programu Isiyosakinishwa na Mwalimu wa Kiswahili wa Arua na Koboko

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa ataje zana zake za kazi, kwa kawaida atataja kamusi, kitabu cha sarufi, ubao na chaki. Ni wachache watakaotaja programu ya kompyuta. Hata hivyo mitihani yetu, maazimio ya kazi, barua za wanafunzi wanaoomba nafasi za mafunzo na hata tasnifu zetu, zote siku hizi huchapwa kwenye kompyuta. Programu inayotumika kuchapa kazi hizo ina historia yake, na historia hiyo inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha kuliko tunavyodhani.

Makala haya yanaeleza historia ya programu za ofisi zisizo na malipo ambazo hubebwa katika flashi na kutumika bila kusakinishwa kwenye kompyuta. Tumechagua kuitazama historia hiyo kutoka Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa sababu huko shida zinazotatuliwa na programu hizi zimeonekana wazi: umeme wa shida, kompyuta za kuazima, na lugha ya Kiswahili ambayo mashine nyingi haziitambui. Hoja yetu ni kwamba kwa mwalimu wa Kiswahili, kukosa bei ni faida ndogo ya programu hizi. Faida kubwa ni kuwa anaweza kubeba lugha yake pamoja na zana yake hadi kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Kiswahili katika West Nile

Eneo la West Nile lilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwishoni mwa mwaka 1909. Baadaye likawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. Mwaka huohuo kituo cha utawala kilianzishwa Arua. Wenyeji wa Arua kwa wingi wao ni Walugbara, na wa Koboko ni Wakakwa. Lugha zao si za Kibantu, hivyo Mlugbara au Mkakwa anayejifunza Kiswahili hana msaada wa ngeli alioupata Mganda au Mnyoro katika lugha ya mama.

Pamoja na hayo, Kiswahili kilifika mapema. Kilifika na wanajeshi, kwa kuwa West Nile ilikuwa eneo kubwa la kuandikisha askari wa King's African Rifles, na lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Kilifika na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kongo, maana soko la Ariwara liko karibu sana na Arua. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye ukoo wake ulitoka kwa Wakakwa wa Koboko, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Tangazo hilo halikufuatwa na walimu wala vitabu vya kutosha, na kwa watu wengi wa kusini mwa nchi Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya askari, yenye kutia hofu.

Amin alipoangushwa mwaka 1979, na hasa kuanzia mwaka 1980, wakazi wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Waliokaa Zaire walirudi na Kiswahili cha Kongo, kile kinachoitwa Kingwana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Arua au Koboko mara nyingi huingia darasani akiwa amekwisha kusikia Kiswahili sokoni, kwenye stendi ya mabasi au kwa bibi yake. Anachokosa ni Kiswahili kilichoandikwa.

Sheria zilikuja polepole. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Machi mwaka huohuo shule zikafungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na zilikuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha Kiswahili kutumika kama lugha rasmi. Mtaala unapotangulia vitabu, mwalimu hulazimika kuwa mwandishi wa vitabu vyake mwenyewe. Anaandika vifungu vya ufahamu, mazoezi ya ngeli na orodha za msamiati, kisha anatafuta mahali pa kuvichapa. Hapo ndipo habari ya kompyuta inapoanza.

Kompyuta ya kuazima

Katika miaka ya 2000 West Nile haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Kampuni ya WENRECo ilikabidhiwa kazi ya kusambaza umeme katika eneo hilo mwaka 2003, na mji wa Arua ulitegemea jenereta iliyowashwa kwa saa maalumu. Bwawa dogo la Nyagak, lenye uwezo wa megawati 3.5, lilianza kazi mwaka 2012. Koboko, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2005 baada ya kumegwa kutoka Arua, ilikuwa na hali ngumu zaidi.

Katika mazingira hayo mwalimu hakununua kompyuta. Alitumia ya ofisi ya mkuu wa shule kukiwa na nafasi, ya mradi wa shirika fulani, ya mkahawa wa intaneti, au ya kibanda cha uchapaji mjini ambako mtu hulipia kwa kila ukurasa. Kila moja ya kompyuta hizo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeamua kilichowekwa ndani yake. Ili kusakinisha programu kwenye Windows, mara nyingi mtu huhitaji nywila ya msimamizi wa mashine. Mgeni hapewi nywila hiyo, na hana sababu ya kudai apewe.

Matokeo yake mwalimu alichapa kwa programu aliyoikuta. Mahali pamoja alikuta toleo jipya, pengine la zamani, pengine nakala isiyo na leseni iliyogoma kufunguka katikati ya kazi. Mtihani uliopangwa vizuri shuleni ulifunguliwa kibandani ukiwa umevurugika, majedwali yamehama na namba za maswali zimerudiwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwalimu alihitaji njia ya kuingia kwenye kompyuta ya watu akiwa na nguo yake mwenyewe.

Kutoka Ujerumani hadi Dar es Salaam

Programu iliyokuja kumsaidia ina asili yake Ujerumani. Katikati ya miaka ya 1980, kijana aitwaye Marco Börries alianzisha kampuni ya StarDivision katika mji wa Lüneburg, akatengeneza programu ya kuchapia iliyoitwa StarWriter, ambayo baadaye ilikua ikawa StarOffice, yenye programu za kuchapa, kufanya mahesabu na kuandaa maonyesho. Mwaka 1999 kampuni ya Kimarekani ya Sun Microsystems iliinunua StarDivision. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Oktoba 2000, Sun ilitoa hadharani msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi ya waandaaji ambayo kompyuta huyageuza kuwa programu. Mradi uliozaliwa hapo uliitwa OpenOffice.org, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002.

Kutolewa kwa msimbo kulileta mambo mawili. Jambo la kwanza lilifahamika haraka: programu ilipatikana bure na kwa halali. Jambo la pili lilituhusu sisi wa lugha. Yeyote mwenye ujuzi aliweza kuifungua programu hiyo na kuifundisha lugha nyingine bila kuomba ruhusa ya kampuni.

Nafasi hiyo ilitumiwa Dar es Salaam. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ulichukua OpenOffice.org na kuitafsiri kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2004 toleo lake lilizinduliwa kwa jina la Jambo OpenOffice. Wakati huo ilikuwa kawaida kusikia watu wakibishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mradi wa Kilinux haukuweza kusubiri ubishi huo uishe, maana kila kitufe na kila onyo kwenye skrini lilihitaji neno, na kwa pamoja maneno hayo yalikuwa maelfu. Tukumbuke kuwa hiyo ilikuwa kazi ya istilahi kabla ya kuwa kazi ya kompyuta.

Mwaka huohuo wa 2004, Jason Githeko, mtaalamu kutoka Kenya, alitoa orodha ya maneno ya Kiswahili kwa ajili ya kikagua tahajia, kwa leseni huria. Kikagua tahajia ni ile sehemu ya programu inayopiga mstari mwekundu chini ya neno lisilojulikana. Orodha hiyo imeishi muda mrefu kuliko toleo la Jambo lenyewe. Iliingizwa katika kamusi za OpenOffice.org na kisha za LibreOffice, na ndiyo inayomhudumia mtu anayechapa Kiswahili kwa programu hiyo hadi leo.

Flashi na ofisi ya mfukoni

Flashi za kwanza ziliuzwa mwaka 2000, zikiwa na uwezo wa MB 8 tu. Hata hivyo kwa watu waliozoea diski laini za MB 1.44, zinazoharibika kwa vumbi na joto, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Baada ya miaka michache flashi za MB 256 na MB 512 zilienea, na swali jipya likaulizwa: kama flashi inaweza kubeba mafaili, kwa nini isibebe programu yenyewe?

Aliyelijibu kwa vitendo alikuwa Mmarekani John T. Haller. Mwaka 2004 alitengeneza namna ya kuendesha kivinjari cha Firefox kutoka kwenye flashi. Kisha alifanya vivyo hivyo kwa OpenOffice.org na programu nyingine huria, na mwaka 2006 akazikusanya pamoja kwa jina la PortableApps. Hakuhitaji kuandika upya programu ya ofisi. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria na leseni iliruhusu kuisambaza, alitengeneza kianzishi kidogo tu na kuifungasha programu pamoja nacho.

Yafaa kueleza kianzishi hicho kinafanya nini. Programu ya kawaida inaposakinishwa hutawanya vitu vyake: mafaili ya programu huwekwa mahali pamoja, kumbukumbu zake huandikwa katika sajili ya Windows, na mapendeleo ya mtumiaji huhifadhiwa katika folda yake ndani ya mashine. Programu ya kubebeka huviweka vyote ndani ya folda moja kwenye flashi. Kianzishi huiambia programu, kila inapofunguliwa, kwamba mapendeleo ya mtumiaji yako kwenye flashi. Ukimaliza kazi na kuifunga, unachomoa flashi yako na kuondoka na kila kitu. Nywila ya msimamizi haihitajiki, kwa sababu hakuna kilichosakinishwa.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, neno zito katika maelezo hayo ni "mapendeleo ya mtumiaji". Miongoni mwa mapendeleo hayo kuna lugha ya hati, kamusi ya tahajia, na kamusi ndogo ya mtumiaji, yaani maneno aliyoyaongeza mwenyewe. Mwalimu akiongeza neno "mofimu" au jina "Ariwara" akiwa Arua siku ya Jumatatu, akifungua flashi yake Koboko siku ya Ijumaa programu bado inayatambua.

Mstari mwekundu

Msomaji aliyewahi kuchapa insha ya Kiswahili kwenye kompyuta iliyowekewa Kiingereza peke yake anafahamu hali ilivyo. Ukurasa wote huwa mwekundu. Programu husahihisha pasipo kuombwa: katika sentensi "kazi i tayari", ile "i" hugeuzwa kuwa herufi kubwa, kwa kuwa Kiingereza huandika hivyo neno la nafsi ya kwanza. Mtu mzima huzoea na kupuuza. Lakini mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye nyumbani huongea Kikakwa na shuleni ameambiwa kuwa Kiingereza ndiyo lugha ya elimu, akiona kila neno la Kiswahili limepigwa mstari wa kosa, anajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha. Anajifunza kuwa mashine haiitambui lugha hii. Tena, kosa la kweli linapotokea, kama vile "shuguli" badala ya "shughuli", limefichwa katikati ya makosa ya uongo.

Kamusi ya tahajia ya Kiswahili hupunguza tatizo hilo, ingawa hailimalizi. Sababu iko katika sarufi yetu. Chukua kitenzi "piga". Kwa nafsi sita na njeo nne tu (na, li, ta, me) tunapata maumbo 24. Tukiongeza viambishi vya yambwa vya watu, kama katika "ananipiga" na "tuliwapiga", maumbo yanazidi 100. Bado hatujagusa ngeli nyingine, ukanushi, virejeshi, wala unyambuaji wa "pigia", "pigana", "pigisha" na "pigwa". Hakuna orodha ya maneno inayoweza kuyaandika yote moja moja. Tatizo kama hili liliwakabili pia Wahungaria, ambao lugha yao hupachika viambishi vingi kwenye neno moja. László Németh alitengeneza kikagua tahajia cha Hunspell kwa ajili ya lugha hiyo, na OpenOffice.org ilianza kukitumia katika toleo la 2.0.2 mwaka 2006. Hunspell huweza kupewa shina la neno pamoja na kanuni za viambishi, ikaunda maumbo yenyewe. Hapo pana kazi inayowangoja wanafunzi wa isimu wa vyuo vyetu: kuandika kanuni kamili za kitenzi cha Kiswahili kwa namna ambayo Hunspell inaielewa.

Kwa sasa mwalimu na atumie upungufu huo kama somo. Zoezi moja linalofaa ni hili. Wanafunzi wachape kifungu cha Kiswahili, kisha wayaandike maneno yote yenye mstari mwekundu na kuyagawa katika mafungu matatu: yaliyokosewa kweli, yaliyo sahihi lakini hayamo katika kamusi, na yanayotumika sokoni ila si ya Kiswahili sanifu. Fungu la pili liongezwe katika kamusi ya mtumiaji. Fungu la tatu lijadiliwe bila dharau, kwa sababu ndilo linaloonyesha jinsi Kiswahili cha Kongo na cha jeshi kilivyofika katika eneo hili.

Wanafunzi waonyeshwe pia mipaka ya mashine. Sentensi "mimi iko hapa", inayosikika mara nyingi katika Kiswahili cha barabarani, haitapigwa mstari hata mmoja, maana "mimi", "iko" na "hapa" yote ni maneno yenye tahajia sahihi. Kosa liko katika upatanisho, na upatanisho ni kazi ya mwalimu.

Jambo jingine dogo lakini lenye usumbufu ni alama ya ritifaa. Programu nyingi huibadili ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda. Neno "ng'ombe" linaweza kupigwa mstari katika hati moja na kupita katika nyingine kwa sababu hiyo tu. Walugbara wanaichukia zaidi tabia hii, kwa kuwa katika lugha yao ritifaa huweza kuanza neno, kama katika 'ba, yaani watu, na mashine hudhani kuwa mtu anafungua alama za kunukuu. Dawa yake ni kuizima kanuni hiyo katika mapendeleo ya usahihishaji wa moja kwa moja. Kwa mwenye programu ya kubebeka, uamuzi huo hufanywa mara moja na kudumu, kwani unasafiri naye.

Namna ya kuandaa flashi

Programu inayopaswa kutafutwa leo ni LibreOffice. Ilizaliwa Septemba 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun mwanzoni mwa mwaka huo na watengenezaji wengi kuamua kujitenga na kuanzisha taasisi ya The Document Foundation. Toleo lake la kubebeka hupatikana bure kwa PortableApps, kwa kompyuta za Windows. Mwalimu achague toleo lenye lugha zote, kwa sababu toleo la lugha chache linaweza kukosa Kiswahili. Kazi ya kupakua ifanyike mara moja, mahali penye intaneti nzuri. Baada ya hapo flashi moja inaweza kunakiliwa kwa wenzake wote wa idara, na leseni inaruhusu.

Akiisha kuifungua, aende kwenye chaguo za lugha na kuweka Kiswahili kuwa lugha ya hati. Akiwa na hati yenye lugha mbili, kama mtihani wa tafsiri, achague aya ya Kiingereza na kuibadilishia lugha kwa kubonyeza jina la lugha lililo chini ya dirisha. Kazi aihifadhi katika umbo la kawaida la programu hiyo, na nakala ya kupeleka kibandani aitoe kwa PDF. Uwezo wa kutoa PDF umekuwamo tangu toleo la 1.1 la mwaka 2003, na ndiyo tiba ya ile shida ya mtihani kuvurugika, kwa kuwa PDF huchapishwa kama ilivyo.

Maneno aliyoyaongeza hukaa katika faili dogo liitwalo standard.dic, ndani ya folda ya wordbook. Walimu wawili wanaweza kubadilishana mafaili hayo, mmoja akawa na istilahi za fasihi na mwingine za isimu. Haba na haba hujaza kibaba.

Hasara zake

Si haki kusifu bila kutaja kasoro. Programu inayoendeshwa kutoka kwenye flashi hufunguka polepole, hasa kwenye mashine ya zamani. Flashi hupotea, na ikipotea imepotea na mitihani yote; mwenye busara huweka nakala mahali pengine. Flashi ikichomolewa kabla ya programu kufungwa, kazi huharibika, na pale umeme unapokatika ghafla hatari ni ileile.

Kasoro kubwa kuliko zote imekuwa virusi. Flashi inayotembea kutoka kompyuta hadi kompyuta hubeba maradhi kama mbu. Kirusi cha Conficker kilichotokea mwishoni mwa mwaka 2008 kilisambaa duniani kwa njia hiyo pia, kwa kutumia tabia ya Windows ya kuendesha yaliyomo kwenye flashi mara inapochomekwa. Microsoft iliifunga njia hiyo kwa matoleo ya zamani ya Windows mwaka 2011. Hata hivyo ofisi nyingi zimezuia kabisa flashi zisichomekwe, na mwalimu hana budi kuheshimu katazo hilo. Uhuru wa kutosakinisha kitu si ruhusa ya kuingia bila kubisha hodi.

Kuna pia suala la mashine kukuu. Kuanzia toleo la 25.8, lililotoka Agosti 2025, LibreOffice haiendeshwi tena kwenye Windows 7 wala 8. Kwa kuwa kompyuta za namna hiyo bado zimo mashuleni, mwalimu anayezitegemea atumie toleo la kabla ya hapo, akijua kuwa halitafanyiwa marekebisho ya usalama.

Hitimisho

Hali ya Arua na Koboko imebadilika sana tangu miaka tuliyoanza nayo. Chuo Kikuu cha Muni kilianzishwa Arua mwaka 2013, na teknolojia ya habari ikawa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imejengwa, na Arua ikawa jiji mwaka 2020. Vijana wengi huandika kwa simu, na wapo wanaosema kuwa zama za flashi zimekwisha, kwa kuwa kila kitu sasa kiko kwenye intaneti.

Wenye maoni hayo wakumbuke Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa. Aliyeweka mitihani yake yote mtandaoni hakuweza kuifikia. Aliyekuwa na ofisi mfukoni aliendelea na kazi. Hata katika siku za kawaida, vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa fedha, na mshahara wa mwalimu unafahamika.

Hata hivyo sababu ya kuikumbuka historia hii ni pana kuliko flashi. Kiswahili kilitangazwa Uganda mwaka 1973 bila zana, na tangazo likabaki karatasini kwa miaka mingi. Safari hii zana zipo. Zilitengenezwa Lüneburg, zikafundishwa Kiswahili na Watanzania na Wakenya, na zikawekwa katika umbo ambalo mwalimu wa Koboko anaweza kulitia mfukoni. Zimebaki na mapengo, na mapengo hayo ni ya Kiswahili: maumbo ya vitenzi ambayo kamusi haiyajui, istilahi ambazo hazijakubaliwa, tafsiri za menyu ambazo hazijakamilika. Mtaalamu wa kompyuta hawezi kuyaziba peke yake, maana hajui tofauti ya "mimi iko" na "mimi nipo". Sisi tunaijua. Basi kila mwalimu na mwanafunzi atakayesoma makala haya aanze na kamusi yake ndogo ya mtumiaji, aongeze maneno yaliyo sahihi, akatae yaliyokosewa, na ampe mwenzake nakala.